Usizime AC mvua inaponyesha

Mimi ni fundi wa AC za magari. Kazi yangu hujaa wakati wa joto, na hilo halimshangazi mtu. Kinachonisikitisha ni msimu wa mvua na baridi, maana hapo ndipo madereva wengi huizima AC na kuisahau mpaka jua lirudi. Hoja yao naielewa: AC inaleta baridi, nje tayari kuna baridi, ya nini basi kuiwasha? Wanafunga vioo vyote, wanabonyeza kile kitufe chenye mshale unaozunguka ndani ya picha ya gari ili hewa ya nje isiingie, na haupiti muda kioo cha mbele kinakuwa cheupe. Dereva anabaki ameshika usukani kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili anasugua kioo na kitambaa, macho yanachungulia kwenye kiduara alichokifuta. Mbele yake kuna watu wanavuka barabara.

Gari hilo hilo lina mtambo wa kukikausha kioo kile katika dakika chache, na mtambo wenyewe ni ile AC aliyoizima.

Aliyenifanya niandike haya ni mteja mmoja aliyeleta gari akidai lina hitilafu ya umeme. Kila alipozungusha swichi ili upepo upige kioo cha mbele, alisikia kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC, inaingia: klachi yake, ile inayoiunganisha na injini, inagonga mara moja, kisha mlio wa injini unashuka kidogo. Taa ya kitufe cha AC haikuwaka, yaani kwa mujibu wa dashibodi AC ilikuwa imezimwa. Aliamini kuna nyaya zimegusana mahali, na akataka niukate huo waya ili asichome mafuta bure. Nikamwambia sikati chochote, gari lake ni zima kabisa. Waliolitengeneza ndio waliotaka liwe hivyo. Magari mengi yana mpango huo: ukichagua upepo wa kioo cha mbele, kompresa inawashwa bila wewe kuulizwa, na kilango cha hewa ya nje kinafunguka hata kama ulikuwa umekifunga. Mengine huwasha taa kukujulisha, mengine hayawashi.

Hakuridhika. "AC na hita kwa pamoja, fundi? Si zinapingana hizo?"

Swali hilo nalipenda, na nimelijibu mara nyingi nikiwa nimesimama kando ya boneti. Leo nalijibu kwa kirefu.

Hewa hubeba mvuke wa maji, na kiasi inachoweza kubeba kinategemea joto lake. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 30 inaweza kubeba takribani gramu 30 za mvuke. Kwenye nyuzi 20 mwisho wake ni kama gramu 17, kwenye nyuzi 10 ni kama 9, na kwenye sifuri haifiki 5. Hewa ikipoa kupita kiwango kinacholingana na mvuke ilionao, ule uliozidi hauna pa kukaa. Unageuka maji na kushika kitu cha baridi kilicho karibu, kama chupa iliyotoka kwenye friji inavyotoka jasho mezani. Ndani ya gari, kitu hicho cha baridi ni kioo. Nje kinapigwa na mvua na upepo wa mwendo, ndani kinaguswa na pumzi zenu.

Na pumzi zina maji mengi. Mtu aliyetulia hupoteza kama gramu 30 hadi 50 za maji kila saa kwa kupumua na kupitia ngozi, hata asipotokwa na jasho la kuonekana. Hewa yote iliyomo ndani ya gari dogo ni kama mita tatu za ujazo, na kwenye nyuzi 20 hewa hiyo haiwezi kubeba zaidi ya gramu 50 hivi kwa jumla. Sasa waweke humo watu wanne, wafunge kila kitu, nguo zao zimelowa, miavuli inachuruzika miguuni, zulia la sakafuni limenyonya maji ya viatu. Hewa itajaa upesi. Tena kioo hakingoji ijae. Kikiwa na nyuzi 10, kinaanza kushika ukungu mara tu hewa inayokigusa inapozidi gramu 9.

Twende nyuma ya dashibodi. Ukiifungua utakuta sanduku la plastiki, na ndani yake vitu viwili vinavyofanana na rejeta ndogo. Kimoja ni evapoleta, ambamo gesi ya AC hupita ikiwa ya baridi. Cha pili ni rejeta ya hita, ambamo hupita maji ya moto yanayotoka kwenye injini, nayo injini ikishapata moto hufika nyuzi 90 hivi. Tazama mpangilio wake: hewa inayosukumwa na feni hupita kwenye evapoleta kwanza, kisha ndiyo iende kwenye hita. Kati ya hivyo viwili kuna mlango mdogo unaoamua hewa kiasi gani ipite kwenye hita na kiasi gani ipite pembeni. Unapozungusha swichi yenye rangi ya bluu na nyekundu, katika magari mengi unasogeza mlango huo tu. Baridi ya evapoleta inaendelea kuwepo kama ilivyo.

Evapoleta huachwa ipoe mpaka nyuzi chache juu ya sifuri. Ikikaribia kuganda, sensa inaikata kompresa, vinginevyo barafu ingeziba vibati vyake vyembamba na hewa ingekosa pa kupita. Hewa yenye unyevu ikigusa vibati hivyo inayaacha maji yake pale pale. Yanachuruzika hadi kwenye sinia iliyo chini ya sanduku, yanaingia kwenye mpira mdogo na kudondoka chini ya gari. Kuna wateja huja mbio wakidhani rejeta inavuja. Nikikuta ni maji safi yasiyo na rangi wala harufu, huwaambia warudi nyumbani kwa amani, maana hayo ni maji yaliyotolewa hewani.

Kutoka hapo hewa kavu na ya baridi inaingia kwenye hita. Hita haiongezi tone wala haipunguzi tone. Inaongeza joto, basi. Chukua hewa ya siku ya mvua, nyuzi 20, yenye gramu 14 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Hewa hiyo imejaa kwa asilimia 80 hivi. Evapoleta inaishusha hadi nyuzi 4 na kuiachia gramu 6 na kitu. Hita inaipandisha hadi nyuzi 35, ambapo ingeweza kubeba karibu gramu 40. Inapofika kwenye kioo imejaa kwa asilimia 15 hivi tu. Hewa hiyo ina kiu, inanyonya ukungu wote inaoukuta, na joto lake linakipasha kioo chenyewe.

Je, hita peke yake haitoshi? Nayo inasaidia, sikatai, lakini inapasha moto hewa ambayo bado ina gramu zake 14. Hewa hiyo itaendelea kuacha maji kwenye kioo chochote kilicho chini ya nyuzi 16 au 17, kwa hiyo unabaki unasubiri kioo kizima kipate joto, huku mvua ikikipoza kutoka nje. Hewa iliyopita kwenye evapoleta inakuwa imeshuka mno kwa unyevu: kioo cha nyuzi 10, hata cha nyuzi 5, hakishiki kitu kutoka kwake. Ndiyo maana nasema hazipingani. AC inatoa maji hewani, hita inaipa hewa ile nguvu ya kunyonya mengine.

Yule mteja nilimwonyesha kwa macho. Mvua ilikuwa inanyesha, injini ilikuwa ya moto. Tulikaa ndani, tukafunga vioo, tukabonyeza hewa izunguke ndani, tukaongea mpaka kioo kikafunga kwa ukungu. Nikashuka nikachomoa plagi ya klachi ya kompresa ili AC isifanye kazi kabisa, nikarudi, tukaelekeza hita kwenye kioo. Ukanda mwembamba ulifunguka chini, karibu na matundu ya upepo, ukapanda polepole, kona zikabaki nyeupe. Tukakiacha kioo kishike ukungu upya, nikarudisha plagi, tukawasha upepo ule ule. Safari hii uwazi ulipanda kutoka chini hadi juu akiutazama, na kona zikafuata. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia nisikate.

Kuhusu mafuta aliyokuwa akiyahofia: kompresa inavutwa na injini, kwa hiyo inatumia mafuta, hilo ni kweli. Lakini siku ya baridi joto la kuondoa ni dogo, na kazi yake ni ndogo mno kuliko saa saba mchana jua likiwa kali. Tena kompresa inahitaji kuzunguka. Oili inayoilainisha husafiri pamoja na gesi, na AC isipowashwa miezi mingi sili zake, yaani mipira inayozuia gesi isivuje, hukauka na gesi huanza kutoroka. Magari mengi ninayoyapokea joto linapoanza yameishiwa gesi kwa namna hiyo.

Muunganiko huu wa baridi na joto katika sanduku moja haukuwepo tangu mwanzo. Kampuni ya magari ya Packard ya Marekani ilipotangaza AC ya kiwandani mwaka 1939 kwa magari yake ya 1940, evapoleta ilikaa nyuma, sehemu ya mizigo, na baridi ilitokea mgongoni mwa abiria. Kompresa haikuwa na klachi; kuizima kabisa ulilazimika kusimama, kufungua boneti na kuuvua mkanda. Hita nayo ilikuwa mbele, peke yake. Mfumo kama huo hauwezi kukausha hewa ya kioo cha mbele jinsi ninavyoeleza hapa. Mwaka 1954 kampuni ya Nash ilileta mfumo uliounganisha baridi, joto na hewa ya nje mahali pamoja, mbele ya gari, na magari ya leo yamefuata njia hiyo. Mimi naiheshimu kazi hiyo sana. Watu husifu injini, lakini mpangilio wa sanduku lile umewawezesha wengi waone barabara.

Sasa kile kitufe cha mshale unaozunguka. Kina faida zake: kwenye vumbi, kwenye moshi wa lori lililo mbele, au siku ya joto kali unapotaka gari lipoe haraka. Siku ya mvua ukikiacha kimewaka huku AC imezimwa, unazungusha pumzi zenu wenyewe. Wengi hushangaa nikiwaambia waingize hewa ya nje wakati nje kunanyesha, kwa sababu wanaona hewa hiyo ina maji. Inayo, lakini hupita kwanza kwenye evapoleta. Na hewa ya nje ikiwa ya baridi, mvuke wake ni mchache kuliko ule wa hewa ya ndani ya gari iliyopashwa moto na watu wanne.

Kuna jambo lingine huwashtua watu: gari linaenda vizuri, kioo kiko wazi, dereva anahisi baridi, anazima AC, na ndani ya muda mfupi kioo chote kinafunga. Maji yaliyokuwa yamelowesha evapoleta bado yapo pale. Kompresa ikisimama, vibati vinapata joto, maji yanageuka mvuke tena, na feni inausukuma wote kwenye kioo. Ukihisi baridi usiguse kitufe cha AC. Zungusha swichi ya joto upande wa nyekundu. Hewa itakuwa ya vuguvugu na itabaki kavu.

Ukungu mwingine hukaa nje ya kioo, na hapa mambo yanageuka. Usiku wa joto wenye unyevu mwingi, ukiielekeza AC ya baridi kali kwenye kioo cha mbele, kioo kinapoa kutoka ndani mpaka hewa ya nje inaanza kuacha maji juu yake. Dereva anafuta ndani, anafuta tena, hakuna kinachobadilika. Njia ya kujua ni rahisi: washa waipa mara moja. Ukungu ukiondoka, uko nje. Hapo usiongeze baridi. Uondoe upepo kwenye kioo, uelekeze kifuani au miguuni, na upandishe joto kidogo.

Kwa wanaoendesha kwenye barafu, kazi ni mbili na zisichanganywe. Barafu iliyo nje inataka joto, na hewa kavu haiiyeyushi. Ukungu wa ndani unataka ukavu. Katika baridi ya karibu na sifuri au chini yake, magari mengi hayaruhusu kompresa iingie, hata ubonyeze vipi, ili evapoleta isigande. Msihangaike, maana hewa ya baridi namna hiyo ina mvuke mdogo mno tayari. Ingiza hewa ya nje, ipashe moto, itakausha yenyewe. Maji ya moto usimwagie kioo chenye barafu, kinaweza kupasuka. Jambo hili halichukuliwi kimchezo: Marekani ina kanuni ya usalama wa magari, namba 103, inayolazimisha magari yawe na mfumo wa kuondoa barafu na ukungu kwenye kioo cha mbele.

Kioo cha nyuma kina njia yake, zile nyuzi nyembamba zilizochapwa juu ya kioo na kupashwa moto kwa umeme. Zinakula umeme mwingi, ndiyo maana hujizima baada ya muda. Ukisafisha hapo, pitisha kitambaa laini kufuata mstari wa nyuzi, usikwangue kwa wembe.

Ikiwa umefanya yote haya na kioo bado kinafunga, kuna kitu cha kukagua, na mara nyingi si gesi. Mimi huanza na zulia la mbele upande wa abiria. Nikibonyeza na kiganja kikatoka kimelowa, nauliza: ni maji au ni maji ya rejeta? Yakiwa maji matupu, mpira wa kutolea maji ya evapoleta umeziba kwa vumbi au majani, sinia inafurika ndani, na gari linajitengenezea unyevu usiku kucha likiwa limeegeshwa. Kuuzibua ni kazi ndogo. Yakiwa na utelezi na harufu tamutamu, na kioo kinaacha utando wa mafuta usiofutika vizuri, rejeta ya hita inavuja. Hilo usiliahirishe, kwa sababu injini nayo inapungukiwa na maji yake. Baada ya zulia natazama filta ya hewa ya ndani, ambayo wenye magari wengi hawajui kama ipo. Nimewahi kuitoa ikiwa nyeusi, imejaa majani na manyoya, feni inalia kwa nguvu na upepo unaofika kwenye kioo hautikisi hata karatasi. Na kioo chenyewe kikiwa kichafu ndani, kwa moshi au kwa ule utando unaotoka kwenye plastiki za dashibodi, ukungu hushika mapema na kwa wingi. Kisafishe kwa sabuni ya vioo na kitambaa kikavu. Karatasi, kofia na vitu vingine unavyopanga juu ya dashibodi viondoe pia, vinaziba matundu ya upepo wa kioo.

Wenye magari ya umeme huniuliza kama haya yanawahusu. Yanawahusu. Injini ya kuwapa maji ya moto hawana, kwa hiyo joto linatoka kwenye hita ya umeme au kwenye mfumo wa AC wenyewe ukifanya kazi kinyume, na kompresa inazungushwa na betri. Kukausha kioo kunapunguza kidogo umbali wa safari, na baadhi yao huizima AC kwa kuhofia chaji. Ushauri wangu kwao ni ule ule: punguzeni joto la ndani ya gari kama mnabana chaji, lakini upepo wa kioo uacheni ufanye kazi.

Na kama AC yako imekufa na mvua imekukuta barabarani, ingiza hewa ya nje, weka joto hadi mwisho, feni hadi mwisho, upepo wote kwenye kioo cha mbele. Shusha vioo vya pembeni kidogo pande zote mbili ili hewa yenye maji ipate pa kutokea. Mtalowa mabega, vumilieni. Nguo na miavuli iliyolowa ihamishie kwenye buti. Ukungu ukikataa kuondoka, egesha pembeni pa salama, washa taa za tahadhari, subiri kioo kiwe wazi ndipo uondoke.